Umeme majini: Mafundi wa magari ya chini ya bahari wanavyofunzwa kubaki hai

Na Mwandishi Wetu

JAMBO la kwanza linaloshangaza kuhusu fundi wa magari ya chini ya bahari ni kwamba yeye mwenyewe haingii majini.

Hukaa ndani ya kontena lililofungwa kwenye sitaha ya meli, mbele ya skrini kadhaa, mkono wake ukiwa kwenye usukani mdogo. Gari lenyewe liko chini kabisa, pengine kilometa mbili kutoka alipo, likifungua valvu, likikagua bomba la gesi au likitafuta kebo iliyokatika.

Papa hamfikii, na uzito wa maji haumgusi. Kinachoweza kumuua ni umeme, na hatari hiyo humkaribia zaidi gari linapopandishwa sitahani kwa matengenezo. Hapo chuma kimelowa, chumvi iko kila mahali, na walio juu yake wanauliza kazi itaisha saa ngapi.

Ndiyo sababu kabla hajaruhusiwa kufungua kifuniko cha kisanduku chochote cha umeme mkubwa, fundi huyo hupitishwa kwenye mafunzo maalumu ya usalama. Mkulima mwenye pampu ya kuzama kisimani, au mfugaji wa samaki mwenye mashine ya kuingizia hewa bwawani, ana sababu ya kutaka kujua kinachofundishwa humo. Volti zinatofautiana, lakini maji na mwili wa binadamu ni vile vile.

Kazi iliyotukaribia

Magari haya, ambayo wenyewe huyaita ROV, hayana dereva ndani. Huteremshwa kwa kebo nene yenye nyaya za umeme na za mawasiliano, na huendeshwa kutoka juu.

Wapiga mbizi wa kazi za kawaida za baharini hawaendi chini sana ya mita 300. Kisima cha Zafarani, ambacho kampuni ya Statoil (leo Equinor) ilitangaza kugundua gesi mwaka 2012 katika kina kirefu cha bahari ya Tanzania, kilichimbwa mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Huko anayefanya kazi ni mashine tu.

Jirani zetu wa Msumbiji wamekwishaanza kuvuna. Meli ya kusindika gesi ya Coral Sul, iliyotia nanga mbele ya Cabo Delgado kwenye maji ya kina cha takriban mita 2,000, ilipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022.

Nyaya za intaneti nazo zimelala chini ya bahari hiyo hiyo. Wafanyabiashara wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaikumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini na mtandao ukasuasua kwa siku kadhaa. Meli za kutengeneza nyaya kama hizo hubeba magari ya aina hii.

Kwa hiyo vijana wanauliza kuhusu kazi hii, na wazazi wanaulizwa ada. Tutarudi kwenye suala la ada, lakini kwanza tuuangalie huo umeme.

Volti 3,000 za nini?

Gari kubwa la kazi huendeshwa na mota yenye nguvu za farasi 100, 150 na hata zaidi. Umeme wake hutoka kwenye meli na kupita katika kebo ya kilometa kadhaa.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Tukichukua mzigo wa kilowati 100, kwa hesabu rahisi, umeme wa fezi tatu wa volti 400 utahitaji mkondo wa karibu ampea 144. Ukipandishwa hadi volti 3,000 mzigo ule ule unahitaji ampea 19 hivi. Kwa waya wa unene ule ule, umeme unaopotea njiani kwa joto unapungua zaidi ya mara 50.

Hesabu hii si ngeni kwetu. Ndiyo inayofanya laini kubwa zipite juu ya mashamba zikiwa na volti 11,000 au 33,000, kisha transfoma ya kijijini izishushe hadi 400 na 230 kabla ya kuingia nyumbani. Kwenye meli kuna transfoma ya kupandisha, na umeme huo mkubwa huteremka hadi kwenye mota ya gari.

Kinachobadilika ni kwamba laini ya 33,000 iko juu ya nguzo na hakuna anayeigusa. Kebo ya gari la baharini imezungushwa kwenye winchi sitahani, watu wanapita kando yake kila saa, inajikunja, inavutwa na mawimbi na kusuguliwa na chuma. Siku ikichoka, mtu atakuwa jirani nayo.

Kwa kanuni za kimataifa, umeme wa mkondo geu unaozidi volti 1,000 huhesabiwa kuwa umeme mkubwa. Fundi aliyesomea nyaya za nyumba, hata awe hodari namna gani, haruhusiwi kuugusa kwa cheti kile tu. Uingereza, ambako mafundi wengi wa Bahari ya Kaskazini hufunzwa, sheria ya umeme kazini ya mwaka 1989 inataka mtu awe na ujuzi unaolingana na hatari ya kazi anayopewa, au awe chini ya usimamizi wa mwenye ujuzi huo.

Kufuli na funguo mfukoni

Kozi yenyewe kwa kawaida ni ya siku chache. Anayetarajia kufundishwa mambo makubwa ya kisayansi anaweza kuvunjika moyo, kwa sababu sehemu kubwa ni mazoezi ya kuzima umeme.

Lakini kuzima umeme vizuri ni kazi yenye hatua zake. Mwanafunzi hufundishwa kuzima kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha gari. Kisha anaweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi hiyo, anatundika kibao chenye jina lake, na funguo anaitia mfukoni mwake. Haachiwi msimamizi wala haiwekwi mezani.

Wakiwa mafundi watatu, makufuli ni matatu. Umeme haurudi mpaka wa mwisho atoe lake.

Baada ya hapo hupima kama kweli umeme umekatika. Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi hulipuuza. Kabla ya kupima, anakijaribu kipimio chake mahali anapojua pana umeme ili aone kama kinafanya kazi. Anapima sehemu anayotaka kuifungua. Kisha anarudi kukijaribu kipimio kwa mara ya pili.

Anafanya hivyo kwa sababu kipimio kilichokufa na waya usio na umeme hutoa jibu moja, yaani kimya. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo, ile inayouzwa kila duka la vifaa vya umeme, huweza kukudanganya kwa namna hiyo hiyo. Taa yake ikiungua, kila waya utaonekana salama.

Hata baada ya kupima, fundi wa gari la baharini bado hajashika kitu. Kebo ndefu huhifadhi chaji baada ya umeme kuzimwa, kama bomba refu la shambani linavyobaki na maji baada ya kufunga koki. Kwa hiyo nyaya huunganishwa na ardhi, ambayo melini ni mwili wa meli, kwa kifaa maalumu ili chaji yote itoke, na zinaachwa zimeunganishwa hivyo mpaka kazi iishe.

Yote haya huandikwa kwenye kibali cha kazi: nani anafanya, wapi, amezima nini, anaanza saa ngapi. Mtu wa pili lazima awepo pembeni, anayejua kuzima umeme na kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Mafunzo ya huduma ya kwanza huenda sambamba na haya.

IMCA, chama cha kimataifa cha makampuni ya kazi za baharini kilichoundwa mwaka 1995, kimetoa miongozo kuhusu kazi hizi. Umo mwongozo wa umeme mkubwa wa magari ya chini ya bahari, na mwingine wa matumizi salama ya umeme majini ambao huwahusu pia wapiga mbizi.

Kengele isiyopendwa

Ndani ya kontena la kuendeshea kuna chombo kimoja ambacho kila fundi hukitazama. Kazi yake ni kupima muda wote uimara wa ganda linalouzuia umeme usitoke kwenye waya kwenda kwenye maji au kwenye chuma.

Umeme wa magari haya hutengwa na mwili wa meli. Faida yake ni kwamba ganda likitoboka mahali pamoja, mkondo hauna njia kamili ya kurudia na gari linaweza kuendelea kufanya kazi. Hasara ni hiyo hiyo. Gari linaendelea kama vile hakuna kilichotokea, wakati ulinzi wa kwanza umekwishaondoka. Tobo la pili, au mkono wa mtu, ndio utakaokamilisha njia.

Kwa hiyo chombo kile hupiga kengele kipimo kinaposhuka, na kikishuka zaidi umeme unakatwa. Mwanafunzi hufundishwa kuandika kipimo katika daftari kila zamu, maana ganda halichoki ghafla. Linashuka leo kidogo, kesho kidogo, na anayetazama tarakimu ya leo peke yake hataona.

Kwa maoni ya mwandishi, sehemu ngumu ya mafunzo haya haihusu waya wala volti. Ni kumfundisha kijana wa daraja la chini kusema "tusimamishe". Meli ya kazi za baharini hugharimu makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Gari likipandishwa kwa sababu ya kengele, kila saa ina bei, na kila mtu melini anaijua. Makampuni makini humpa kila mfanyakazi haki ya kusimamisha kazi anapoona hatari, na mafunzo hurudia haki hiyo mara kwa mara. Kuitumia mbele ya bosi aliyekasirika ni jambo jingine.

Shinikizo hilo hata huku tunalijua. Mboga zina siku mbili hazijanyweshwa, pampu imegoma, na mwenye shamba amesimama juu ya kisima akimwambia fundi afanye haraka.

Maji ya ziwa yana hila yake

Watu wengi huamini kuwa maji ya chumvi ndiyo hatari zaidi kwa umeme kwa sababu hupitisha mkondo vizuri. Ni kweli kwamba maji ya bahari hupitisha umeme mara mamia kuliko ya ziwa kama Victoria. Lakini kwa mtu aliyemo ndani ya maji, mambo hugeuka.

Mwili wa binadamu una chumvi. Ndani ya bahari, maji yaliyomzunguka hupitisha umeme vizuri kuliko yeye, na sehemu kubwa ya mkondo hupita pembeni. Ndani ya bwawa au ziwa, yeye ndiye njia rahisi kuliko maji, na mkondo humfuata.

Marekani wameona vifo vya namna hii kwenye gati za mashua za maziwa na mito, ambako umeme huvuja kutoka kwenye mashua au gati. Mtu haungui. Misuli yake inakaza, anashindwa kuogelea, anazama. Mwili ukitolewa hauna alama, na watu husema amekufa maji tu.

Anayeruka kumwokoa naye hupatwa na yale yale. Ukimwona mtu anatapatapa karibu na pampu au mashine ya umeme majini, kimbilia swichi kwanza. Kisha mtupie kamba au mti mkavu.

Kiasi cha umeme kinachohitajika ni kidogo mno. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa ohmu 1,000 hivi, na kwa volti 230 hiyo ni miliampea 230. Breka ya kuzuia uvujaji, ambayo mafundi huiita RCD, hutengenezwa ikate umeme kwenye miliampea 30 kwa sababu juu ya hapo moyo huweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Breka ya kawaida ya ampea 16 au 20 haitashtuka kabisa. Hiyo huilinda nyaya isiungue, na mtu anaweza kufa huku imesimama wima.

Kisimani

Msomaji mwenye pampu ya kuzama anaweza kuanza na jambo hilo. Nenda kwenye ubao wa swichi uangalie kama laini ya pampu ina breka ya uvujaji ya miliampea 30. Ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Isipokata, haikulindi.

Kisha waya wa ardhi. Pampu nyingi hufika dukani zikiwa na waya huo, lakini hukatwa wakati wa kufunga kwa sababu kebo iliyonunuliwa ni ya nyaya pungufu, na kebo pungufu ni ya bei nafuu. Mota ikiharibika ndani, bomba lote la chuma hadi kwenye koki linaweza kuwa na umeme, na anayechota maji asubuhi ndiye atakayekuwa waya wa ardhi.

Kiungo cha kebo ndani ya maji ni mahali pengine pa kutazama. Tepu ya kawaida ya umeme haizuii maji kwa muda mrefu. Kuna mipira ya kuunganishia inayosinyaa kwa moto na kushika waya, na kuna vifuko vya gundi ya resini vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu.

Pampu isivutwe wala kuning'inizwa kwa kebo yake. Inahitaji kamba. Mafundi wa baharini nao hutunza kebo yao kwa makini, ingawa imetengenezwa kubeba uzito, kwa sababu kila mvuto unalichosha ganda.

Unene wa waya nao uulize kabla ya kununua. Kisima cha mita 80 kilicho mita 150 kutoka kwenye mita ya umeme kina waya wa mita 230. Waya mwembamba hupoteza volti njiani, mota hupata shida kuwaka, inavuta mkondo mwingi na kupata joto mpaka ganda la ndani linaungua. Ni ile ile hesabu iliyoleta volti 3,000 melini.

Fundi akija, mwombe apime ganda la mota na kebo kwa mega kabla ya kuteremsha na baada ya kuteremsha, na uandike vipimo hivyo kwenye daftari lako. Kipimo kikishuka chini ya megaohmu 1, kuna jambo la kuchunguza. Akija mwaka ujao mtalinganisha. Fundi asiye na mega anakisia tu.

Kwa Tanzania, kazi za kufunga umeme zinahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA. Kenya ni EPRA. Kumwomba fundi aonyeshe leseni yake si kumkosea heshima.

Wenye pampu za sola wasijione wako nje. Paneli huzalisha umeme muda wote jua likiwaka, na swichi ya pampu haizimi paneli. Waya unaotoka kwenye paneli hadi kwenye swichi unabaki na umeme, na paneli zikiunganishwa kwa mfuatano volti hujumlishana hadi kufika mia kadhaa. Umeme huo wa mkondo mnyoofu ukianza kuruka cheche haukatiki kirahisi kama ule wa gridi, kwa hiyo swichi yake iwe ile iliyotengenezwa kwa mkondo mnyoofu. Kuchomoa plagi za paneli wakati pampu inafanya kazi ni kosa ambalo limeunguza vidole vya wengi.

Na ada ya kozi?

Sasa turudi kwa mzazi aliyeletewa karatasi ya chuo cha nje, yenye picha ya roboti na ada ya maelfu ya dola.

Ajue kwanza kwamba IMCA ni chama cha makampuni na si chuo. Ujuzi wa fundi wa magari haya hupimwa kazini, hatua kwa hatua, na kuandikwa katika kitabu chake cha kazi, kuanzia daraja la chini hadi usimamizi. Kozi fupi humfungulia mtu mlango wa kuomba nafasi, lakini haimpi ajira.

Pili, makampuni hutafuta watu ambao tayari wana msingi wa umeme, elektroniki, mashine au mitambo inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo. Kijana aliyesomea umeme VETA au ufundi Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kisha akafanya kazi miaka michache kiwandani, bandarini au melini, ana hoja kuliko aliyetoka sekondari moja kwa moja akakimbilia kozi ya roboti. Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa hutoa mafunzo ya usalama wa baharini, ambayo nayo huhitajika kwa anayetaka kufanya kazi melini.

Tatu, akiuliza kuhusu kozi yoyote, asiishie kuuliza idadi ya siku. Aulize kama wanafunzi wanafanya mazoezi kwa mikono yao kwenye swichi na kebo halisi ya umeme mkubwa au wanatazama picha ukutani. Aulize ni wanafunzi wangapi kwa mkufunzi mmoja, na kama cheti kina muda wa kwisha, kwa kuwa makampuni mengi hutaka mafunzo ya umeme mkubwa yarudiwe baada ya miaka kadhaa.

Na magari yenyewe yanabadilika. Yapo mapya yasiyo na kebo kabisa, yanayotembea kwa betri za lithiamu. Fundi wake hana volti 3,000 za kuogopa, ila ana betri kubwa isiyoweza kuzimwa kwa swichi, ambayo ikipata joto au kuingiliwa na maji ya chumvi huweza kushika moto ulio mgumu kuuzima. Vyuo vimeanza kuongeza somo hilo.